Ambari ya bibi

Kwenye kasha la marehemu bibi, hapa Langoni, kimebaki kipande cha ambari, kitu cha kunukia, kama punje ya hindi, rangi ya majivu, kimefungwa katika leso kuukuu. Siku za harusi alikuwa akikwangua kidogo sana, akichanganya na udi kabla ya kuutia kwenye chetezo.

Juzi binti ya kaka yangu, yuko kidato cha tatu, alinijia na kitabu. "Shangazi, ambergris ndiyo nini?" Nikafungua kasha, nikamwambia anuse kwanza.

Neno hilo ni mawili yaliyoshikana. Waingereza walilipata kwa Wafaransa: ambre gris, ambari ya kijivu. Hiyo ambre ilipitia Kilatini cha zama za kati, nacho kiliitoa kwenye Kiarabu, anbar, kitu hikihiki kinachotoka tumboni mwa nyangumi na kuelea hadi mawimbi yakitupe ufukweni.

Lakini nuni, herufi n ya Kiarabu, imegeukaje mimu, yaani m? Hapo nilifurahi mno, maana jibu nililisoma chuo cha Kurani nikiwa mdogo: iqlabu, kanuni ya kugeuza herufi katika usomaji. Nuni yenye sukuni, yaani isiyo na irabu, ikikutana na ba, herufi b, husomwa mimu. Kwa mfano, maneno ya Kiarabu min baadi tunayasoma mim baadi. Mwarabu huandika anbar, ulimi ukasema ambar. Wazungu waliandika walichosikia, na sisi vilevile.

Kisha jina likaporwa. Ulaya kuna utomvu wa kale uliogeuka jiwe la manjano, nao huokotwa pwani, hasa kwenye bahari ya Baltiki. Vitu viwili vya thamani, vyote vikitupwa na bahari: watu wakavipa jina moja, halafu ikabidi wavitenge kwa rangi. Leo Mwingereza akisema amber anamaanisha jiwe. Ambari, mwenye jina lake, ndiyo iliyofungwa mkia wa "kijivu". Na mkia wenyewe haukueleweka: zamani wapo walioandika ambergrease, wakidhani ni habari ya grisi!

Sisi jiwe lile tunaliita kaharabu, neno la Kiajemi lenye maana ya kinachovuta majani makavu, kwani ukilisugua huyavuta. Tasbihi ya babu ni ya kaharabu, imo kashani mlemle. Nikampa binti vyote viwili, kimoja kila kiganja. Shanga hazikunuka kitu. Ile ambari ilimkaa mkononi hadi Magharibi.