Difu loki si ya kila tope

Mvua zikianza tu, simu zinaingia: "Kaka, hii swichi ya difu loki nibonyeze wakati gani?" Wengi wamenunua pikapu ya Toyota Hilux Vigo mkononi mwa mtu, swichi wameikuta kwenye dashibodi na hawajawahi kuigusa. Mimi nabeba viazi kule Nyanda za Juu Kusini, kutoka upande wa Kitulo kushuka Chimala, ile njia ya kona 57, kwa hiyo nitaeleza kwa kuifuata hiyo.

Difu ni zile gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa matairi mawili, na ya kawaida imetengenezwa kwa ajili ya kona. Tairi la nje linakwenda mwendo mrefu kuliko la ndani, na difu inayaachia yapishane. Ubaya wake unaonekana kwenye makorongo. Tairi moja likining'inia linazunguka bure, na mwenzake aliyekanyaga ardhi ngumu ametulia kama bwana harusi. Hata foo wili haikusaidii hapo: moja la mbele na moja la nyuma yakikosa ardhi, umesimama. Loki inazifunga hafushafti za nyuma (vyuma vinavyozungusha matairi) pamoja, likizunguka hili na lile linazunguka.

Mimi nasimama kabla ya korongo, naingiza L4 (foo wili ya gia nzito), nabonyeza swichi, kisha nasogea taratibu mpaka taa ya loki kwenye dashibodi iache kupepesa. Ikiwa inapepesa, meno hayajaingia. Usibonyeze huku tairi linazunguka kwa kasi, utavunja vyuma. Na ukisubiri mpaka gari lilale tumbo, loki itakuchimbia mashimo mawili badala ya moja.

Safari ya kupanda mtupu ndiyo inayoitaka zaidi, maana mkia wa pikapu bila mzigo ni mwepesi. Kushuka na viazi (na wakulima wetu na lumbesa zao, Mungu atusaidie) kazi ni ya gia namba moja na L4, loki haina la kufanya.

Kitu ambacho madereva hatuambiani ni barabara iliyolala upande. Udongo mwekundu umelowa, njia imeinamia bondeni. Loki ikiwa wazi, tairi moja likiteleza la pili linaushikilia mkia. Ukifunga, yote mawili yanateleza kwa pamoja na mkia unashuka mtaroni, na kule kwetu baada ya mtaro kuna bonde. Sehemu kama hiyo siifungi. Utingo anashuka na jembe, anachonga njia ya matairi ya upande wa juu ili gari liegemee mlimani. Analalamika sana. Bodi la Vigo si yeye atakayelinunua.

Kwenye kona kali nayo naitoa mapema. Gari lililofungwa nyuma linataka kunyooka, usukani unakuwa mzito, na kona zetu haziruhusu ubishi huo. Kwenye lami ndiyo usithubutu kabisa, unazipa hafushafti mzigo wa bure. Kumbuka pia kwamba Hilux nyingi ukifunga loki, ABS, ile breki inayozuia tairi lisijifunge, inazimika.

Ukitaka kununua gari lenye loki, ijaribu loki kwanza kwenye vumbi au majani, tambarare. Mota yake inaganda ikikaa muda mrefu bila kutumika, kwa hiyo hata kiangazi mimi huifunga na kuifungua mara moja moja. Ikigoma kuachia, nyoosha usukani, rudi nyuma hatua chache, halafu mbele tena. Mara nyingi inatoka.