Sahani Isiyo na Namba

Neema alikuwa anatafuta karatasi tupu ya kuchorea. Akavuta kaunta buku la kijani kutoka droo ya cherehani, lile nililodhani lilipotea tulipohama Mwanjelwa, akalifungua katikati na kuanza kusoma kwa sauti kama muuza duka anayesoma madeni.

"Soda mbili, 290. Sambusa tatu, 450. Pilau, 700. Paja la kuku, 300. Keki, 250. Sahani ya shangazi..." Akanyamaza. "Mama, hapa mbona hakuna namba?"

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikajifanya siwezi kujibu.

Ukurasa ule ni wa Juni 2019, sendoff ya binti wa kaka, Tukuyu. Mnaokumbuka mwili niliokuwa nao mwaka mmoja kabla mnajua kwa nini nilikuwa naandika kalori za kila ninachokula, hata keki. Januari nilikuwa kilo 91. Asubuhi ya Jumamosi ile, kabla sijapanda Costa pale Uyole, mizani ilisoma 84.2. Miezi mitano, na wala sikufanya maajabu: tonge la ugali liwe ngumi moja badala ya mbili, mafuta yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa, na kutoka stendi hadi nyumbani nitembee. Yanaenda taratibu mno, ndiyo maana nilikuwa naogopa siku moja isije ikayala yote.

Kwa hiyo nikafanya ujanja ambao karibu kila mtu anayepunguza mwili ameshaufanya. Nikasema leo sili mpaka usiku. Chai kavu asubuhi, basi. Niweke akiba tumboni kama mtu anavyoweka akiba kwenye kibubu, usiku nivunje.

Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya sherehe tayari ameshaona tatizo. Kadi inasema saa kumi na mbili jioni. Bibi harusi mtarajiwa anaingia saa mbili na nusu. Kuna utambulisho wa ukoo, na ukoo wa Kinyakyusa ukianza kujitambulisha hakuna anayeachwa, hata mjomba aliyeko Chunya anasalimiwa kwa niaba. Kuna keki, kuna zawadi, meza kwa meza, na kila meza inacheza. Chakula kinafunguliwa saa tano usiku. Njaa ya saa saba mchana unaweza kuizungumzisha. Ile ya saa tatu usiku, ukumbi una baridi ya Tukuyu na mikono imeanza kutetemeka, haina maongezi. Sahani ya sambusa ilipopita nilichukua tatu kwa mkono mmoja. Soda ya kwanza niliimaliza kabla mhudumu hajafungulia meza ya jirani.

Na soda ndiyo inayonisikitisha mpaka leo, maana siipendi hata. Chupa ya mililita 350 ina sukari vijiko vya chai tisa hivi, na haishibishi chochote. Ningeomba maji ningepewa maji.

Pilau niliijua kutoka jikoni, maana tangu saa nne asubuhi nilikuwa kamati ya chakula. Mchele wa Kyela kilo 20, mafuta lita 4, sahani 150. Gawanyeni wenyewe: kila sahani ina kama mililita 27 za mafuta, karibu vijiko viwili vya mezani, kabla hujagusa kuku aliyekaangwa. Hapo mpishi hajakosea popote. Vitunguu vya pilau visipopata mafuta ya kutosha vinaungua kabla ya kuwa vya kahawia, na pilau inatoka nyeupe, na wageni wanakwenda kusema. Nilivipika mwenyewe vile vitunguu. Nilikata, nikakaanga, nikasimama kwenye moshi wa mkaratusi saa nne nzima bila kuonja hata punje, nikijisifu kimoyomoyo. Usiku nikaila ile pilau pawa mbili kwa dakika tano, na sikumbuki ilikuwa na ladha gani. Tumbo huchukua kama dakika 20 kumpa mtu habari kwamba limeshiba. Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye keki.

Yote hayo yana namba zake. Hili lingine halina.

Ilikuwa saa sita kasoro. Nilizunguka nyuma ya ukumbi kuangalia masufuria yetu yasije yakapanda gari la watu wengine. Jikoni kulikuwa kumebaki shangazi peke yake, amekaa kwenye kigoda, khanga moja kiunoni na nyingine kichwani, miguu ameisogeza kwenye makaa. Vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha. Ule si uchafu. Ni utomvu wa ndizi. Ukimenya mikungu mitatu bila kupaka mafuta mikononi, unakaa nao wiki.

"Mama Neema. Umekula?"

"Nimekula, shangazi."

"Umekula ukumbini. Nakuuliza kama umekula."

Akainama, akafunua jani la mgomba lililokuwa limefunika kitu pembeni ya makaa. Sahani ya bati, ya buluu, yenye kovu pale rangi ilipobanduka. Ndizi alizozipika mchana, zile zilizoiva mpaka kingo zimeanza kupondeka lakini katikati bado zina umbo, na juu yake vipande vitatu vya nyama ya mbavu. Upande ulioelekea makaa mchuzi ulikuwa unang'aa. Upande wa pili, uliopigwa na baridi, mafuta yalikuwa yameganda na kuacha mstari mweupe kwenye ukingo wa sahani, kama ule unaobaki kwenye ndoo ya maziwa. Nilipouona ule mstari kichwa kikaanza kazi: mafuta ya ng'ombe, kijiko kimoja, kalori 115 hivi, ndizi, gramu 300, labda na zaidi...

"Nimekuwekea tangu saa tisa," akasema. "Nilikuona hulambi hata mwiko."

Nikasema nimeshiba kweli. Nikasema hata nifungie, nitakula kesho. Hiyo ya kufungiwa huwa inafanya kazi kwa mama mkwe, kwa majirani, kwa watu wa kanisani. Unaondoka na mfuko, heshima imetimia, na chakula kinagawanywa nyumbani. Kwa shangazi haikufanya kazi. Alinitazama kuanzia shingoni kushuka chini, taratibu, kama mimi ninavyomtazama mteja kabla sijachukua futi.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Mimi ni shangazi yako. Kama unaumwa, niambie mimi kwanza."

Nilikuwa nimekwenda pale na gauni la sare nililolishona upya mara mbili, nimelibana kiunoni inchi tatu, natembea nikitaka watu waone. Na waliona. Yeye pia aliona. Lakini shangazi alikuwa mtu mzima miaka ile ya tisini, alifagia nyumba nyingi za msiba pale Rungwe, na anajua watu waliokuwa wanakonda walikuwa wanaelekea wapi. Nilianza kumweleza habari ya presha, na daktari, na ngumi moja ya ugali. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaiweka sahani mapajani kwangu na kunawisha mikono yangu kwa maji ya kwenye kopo, yeye mwenyewe, kama mtoto.

Nilikula yote. Nilikula polepole, maana alikuwa ananitazama na hakuna unachoweza kuharakisha mbele ya mtu anayekutazama hivyo. Ndizi ilikuwa na ule uchachu kidogo wa moshi. Nyama iliachia mfupa bila kuvutwa. Nilipofika kwenye ule mstari mweupe niliukwangua kwa kipande cha mwisho cha ndizi, na nilisikia akishusha pumzi.

"Ndaga, shangazi," nikamshukuru.

"Ee. Sasa nenda kacheze."

Jumatatu asubuhi, nyumbani Mbeya, mizani ilisoma 86.6.

Kilo mbili na pointi nne. Nilipanda na kushuka mara tatu, nikaihamisha kutoka kwenye zulia kwenda sakafuni, ikabaki palepale. Yaliyofuata nitayapitisha haraka kwa sababu hayana heshima. Jumatatu, Jumanne na Jumatano nilikula tikiti maji na chai kavu. Jumatano saa mbili usiku, umeme umekatika, nilikula mkate mzima wa nusu kilo na siagi nikiwa nimesimama jikoni. Mkate wa gramu 500 una kalori kama 1,300 kabla hujaupaka kitu. Nikihesabu leo, ule mkate ndio uliokuwa sherehe yenyewe, na hapakuwa na mgeni hata mmoja.

Nesi wa kliniki ya presha ndiye aliyenitolea kalamu, na hesabu yake ninaikumbuka kwa sababu aliiandika nyuma ya kadi yangu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kalori 7,700 hivi. Kilo 2.4 ni zaidi ya 18,000. Pilau kwa 700 sahani: ningetakiwa kula sahani 26, juu ya chakula changu cha kawaida, kati ya Jumamosi na Jumatatu. "Ulikula 26?" akauliza. Nilichokula kweli, hata ukiipa sahani ya shangazi 800, hakifiki 2,800 kwa siku nzima, na mwili kama wangu ulikuwa unatumia kama 2,000. Ziada yake mafuta gramu 100. Tuseme 200, tukiongeza kiporo cha Jumapili.

Kilichobaki ni maji, na chakula chenyewe ambacho bado kilikuwa njiani. Ukiwa umekaa miezi na wanga kidogo, halafu ukala pilau, keki na ndizi kwa usiku mmoja, mwili unaiweka ile sukari kwenye misuli na ini, na kila gramu inayowekwa inashika maji gramu tatu hivi. Chumvi ya kuku na ya mchuzi nayo inashika ya kwake. Yote huondoka yenyewe ukirudi kula kama kawaida, siku nne, tano, mara nyingine wiki. Kawaida, siyo tikiti maji. Futi yangu ya kazini ingeniambia ukweli mapema zaidi kama ningeiuliza: kiuno Jumatatu kilikuwa kimeongezeka nusu inchi, Jumatatu iliyofuata kilikuwa kimerudi. Mizani ilirudi 84.0 siku ya kumi na moja. Bila ule mkate nadhani ingekuwa ya saba.

Siku hizi sifungi tena kabla ya sherehe. Jumamosi hii nitakunywa chai na mayai mawili kama siku zote, mchana maharage na mboga na ngumi yangu ya ugali, na saa kumi na moja jioni, kabla ya kuvaa, bakuli la mtindi na parachichi nusu, kwa sababu kadi inasema saa kumi na mbili na mimi si mtoto wa jana. Nitaomba maji. Sambusa moja, ya nyama, nikae nayo. Mezani ninaanza na kachumbari na mboga ili sahani ijae kabla sijafika kwenye pilau, halafu namwambia mhudumu upawa mmoja. Ukinyamaza anaweka mawili, ndivyo alivyofundishwa, na hataki kuonekana bahili. Kati ya keki na soda nachagua keki. Na mizani naiweka uvunguni mpaka Ijumaa inayofuata; si kwamba nimekuwa jasiri, nimejua tu kwamba Jumatatu haina habari ya kunipa.

Huo mpango unafanya kazi kwa kila kitu isipokuwa mtu aliyekaa kwenye kigoda na sahani aliyoifunika kwa jani tangu saa tisa. Nimeufikiria sana upande huo na sina kanuni. Ningemkatalia asingelala. Ningekula nusu angejua ninaumwa kweli. Mwaka uliofuata sendoff zilipungua, na uliofuata huo tulikwenda Tukuyu kwa ajili yake yeye, na jikoni walipika watu wengine, na ndizi zilikuwa na mafuta kidogo sana.

Neema alikuwa bado ameshika daftari, kidole juu ya mstari.

Nikatoa pini mdomoni moja moja, nikazichomeka kwenye mto wake. Nikamwambia siku ile sikuwa na mizani ya jikoni, nisingeweza kujua uzito.

"Mbona hata sambusa hukuzipima," akasema.