Kadi Moja, Studio Nyingi: Yoga kwa Mtu wa Zamu Hapa Berlin

Kazi ya kutunza wazee inakula mgongo. Unamnyanyua mtu wa kilo tisini kutoka kitandani, unamgeuza, unainama kumvisha soksi za kubana miguu, kisha unaingia chumba kinachofuata kuanza upya. Ikifika saa nne asubuhi kiuno kinawaka moto. Mashine za kunyanyulia wagonjwa zipo, na namna ya kuinama tumefundishwa, lakini zamu ikiwa na watu wachache mashine iko ghorofa nyingine na mzee anataka choo sasa hivi. Wengi niliowakuta kazini wana vidonge vya maumivu mfukoni. Mimi sikutaka kufika huko.

Nawaandikia hasa wadogo zangu mnaojifunza Kijerumani Mombasa, Nairobi na Eldoret mkisubiri viza. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya wafanyakazi Septemba 2024, wengi mnauliza mshahara, kodi na nyumba. Haya ni maswali ya maana. Mwili nao una gharama yake, na ni mwili huo huo utakaokulipia hiyo nyumba.

Mtu wa zamu akitaka yoga, kinachomshinda kwanza ni ratiba, bei baadaye. Kozi ya kawaida huku ni siku ile ile, saa ile ile, wiki nane hadi kumi na mbili. Umelipia Jumanne jioni. Ratiba ya kazi inatoka, unakuta Jumanne mbili uko zamu ya mchana na nyingine uko zamu ya usiku. Pesa imekwenda na kiuno kiko pale pale. Ukiamua kulipa mlangoni kila unapokwenda, darasa moja Berlin ni kama euro 15 hadi 20. Mtu anayetuma pesa nyumbani kila mwisho wa mwezi hawezi kulipa hivyo kwa muda mrefu.

Kilichonifaa ni uanachama wa studio nyingi. Unalipa ada moja kwa mwezi, unaingia studio mbalimbali za mji mzima. Unaojulikana zaidi hapa ni Urban Sports Club, kampuni iliyoanzishwa Berlin mwaka 2012. Walioko Marekani na Uingereza wanaijua zaidi ClassPass, iliyoanzishwa New York na Payal Kadakia, mcheza dansi aliyechoshwa na kutafuta darasa la kucheza kwenye tovuti moja baada ya nyingine. ClassPass hukupa pointi, na darasa la saa za watu wengi linakula pointi nyingi kuliko la mchana mtulivu. Mfumo wa Berlin una ngazi: ngazi ya chini una siku chache, ya juu unafunguliwa mahali ghali pia, hata masaji. Mimi nilichukua ya kati, ambayo ni kama euro 70 kwa mwezi.

Kuutumia ni rahisi. Unafungua programu kwenye simu, unaangalia ramani na saa, unaweka nafasi. Ukifika mlangoni unachanganua msimbo wa QR uliobandikwa ukutani, simu inaonyesha jina na picha yako, unavua viatu, unaingia. Kuna mipaka miwili ya kujua mapema. Huwezi kuingia zaidi ya mara moja kwa siku, na kila studio ina kikomo chake cha mwezi, mara nyingi ni mara nne. Watu wengine hulalamikia kikomo hicho. Mimi kilinisaidia, kwa sababu kilinilazimisha kwenda kuona kwingine.

Hesabu yake haina ugumu. Kwa bei ya mlangoni, euro 70 ni madarasa manne. Ukiwa na hakika ya kwenda mara moja kwa wiki, umerudisha pesa yako, na kuanzia hapo kila unachoongeza ni faida. Ukijua mwezi una zamu za usiku mfululizo na safari ya nyumbani, usilipe. Unaweza kuusimamisha. Mimi husimamisha mwezi wa Ramadhani, maana kufunga huku jua likizama usiku wakati wa kiangazi kungekuwa shughuli, na hata sasa Ramadhani ikiangukia majira ya baridi, kazi na futari vinatosha.

Sasa nije kwenye studio zenyewe, maana hapo ndipo pana faida. Yoga si kitu kimoja. Mwalimu mmoja atakuponya, mwingine atakuumiza, na wote wameandika neno lile lile mlangoni.

Aliyenifungua macho nilimpata baada ya zamu ya usiku. Zamu yetu inaisha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na saa hiyo mwili umechoka lakini usingizi umeruka. Kwenye ramani niliona studio ya Ashtanga, yoga ya mikao inayofuatana kwa mpangilio maalumu, huko mtaa wa Kreuzberg inafunguliwa alfajiri, na darasa lake halina saa ya kuanza. Wanaiita Mysore, kwa jina la mji wa India Kusini alikofundisha K. Pattabhi Jois. Unaingia saa yoyote ndani ya muda uliowekwa, kila mtu anafanya mpangilio wake kwa pumzi yake, mwalimu anapita kimya akisaidia mmoja mmoja. Hakuna muziki. Kinachosikika ni pumzi za watu na mikeka inayokwaruza sakafu. Mwalimu aliniuliza nimelala saa ngapi. Nilipomwambia natoka kazini, alinifundisha salamu ya jua peke yake, yaani ile mikao ya kuanzia, pole pole, kisha akaniletea blanketi akaniambia nilale chali hadi nitakapotaka kuamka. Nilifika nyumbani nikalala usingizi ambao zamu ya usiku huwa hainiachii. Mjue tu kwamba studio nyingi za mtindo huu hufunga siku ya mwezi mpevu na siku mwezi unapoandama, ni desturi yao. Sisi tulioanza maisha kwa kuchungulia mwezi hatuna taabu na kalenda hiyo.

Lakini Ashtanga kila siku ni kazi nzito, na mtu aliyekwisha kunyanyua watu usiku kucha haihitaji yote. Kiuno changu kilipata dawa kwa watu wa Iyengar, mtindo mwingine wa yoga unaoitwa kwa jina la mwanzilishi wake. B.K.S. Iyengar alizaliwa 1918, akiwa mtoto dhaifu wa magonjwa, na alisomeshwa yoga na T. Krishnamacharya, mwalimu yule yule aliyemsomesha Pattabhi Jois. Walimu wawili kutoka chuo kimoja, njia mbili tofauti kabisa. Chumba cha Iyengar kina viti vya chuma, mikanda, matofali ya mbao, mablanketi yaliyokunjwa sawasawa kama ya hospitali, na kamba zinazoning'inia ukutani. Unakaa kwenye mkao mmoja muda mrefu huku mwalimu akirekebisha kidole gumba cha mguu.

Mwalimu wetu, mama wa Kijerumani mwenye miaka sitini na kitu, aliniambia nimwonyeshe ninavyomnyanyua mzee. Nikainama. Akaweka fimbo ya ufagio mgongoni mwangu, ncha moja kisogoni, nyingine kwenye mfupa wa makalio, akasema niiname tena bila fimbo kuachana na mgongo. Sikuweza. Mgongo ulipinda kabla nyonga hazijasogea. Tulirudia, magoti yakilegea kidogo, makalio yakirudi nyuma, mpaka fimbo ikatulia. Kazini nilikuwa nimeelezwa jambo hilo hilo kwa picha ubaoni. Fimbo ndiyo iliyonifanya nilihisi. Siku hizi nikimgeuza mzee naihisi ile fimbo iko pale, na kiuno hakijapona chote lakini kinaniacha nimalize zamu.

Kwingine nitapita haraka. Madarasa ya Vinyasa ya mtaa wa Neukölln yana vijana wengi, mwendo wa kasi, muziki wa sauti ya juu, na walimu wengi hufundisha kwa Kiingereza. Ni mazuri kwa mgeni ambaye Kijerumani bado kinamsumbua na anataka kutoka jasho. Yoga ya chumba cha joto sikuipenda: kuna mtindo wa mikao 26 unaofanywa kwenye nyuzi joto kama 40 kwa dakika 90, na mtu wa Mombasa ataona joto analijua, ila mimi kichwa kiliniuma. Yin ni ya kunyoosha taratibu, dakika kadhaa kila mkao, na baada ya zamu ya mchana hakuna kinachoishinda.

Mama alipoona picha ya mkeka wangu kwenye simu alinipigia. "Mwanangu, hiyo si ibada ya Wahindi?" Swali lake nililichukulia kwa uzito, kwa sababu hata mimi nililibeba. Jibu langu ni kwamba inategemea mlango unaoingia. Jivamukti, kwa mfano, mtindo wa yoga ulioanzia New York mwaka 1984, huimba kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na mafundisho ya kiroho ni sehemu ya darasa. Nilikwenda, nikakaa kimya wakati wa kuimba, mwalimu hakuniuliza kitu, na sikurudi, kwa heshima ya imani yao na ya kwangu. Kwa Iyengar na Yin nilikokwenda tunanyoosha mwili basi. Ukiwa na wasiwasi, andika barua pepe kabla uulize kama kuna nyimbo. Wanajibu vizuri. Kuhusu mavazi, mimi huvaa suruali ndefu, shati refu la mikono mirefu na mtandio mwepesi nikiufunga nyuma, na sijawahi kukatazwa. Mama nilimwambia pia kwamba Nairobi kuna Africa Yoga Project tangu 2007, na vijana wa mitaa ya kawaida wamesomeshwa kuwa walimu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi ukija unifundishe ya magoti."

Jambo moja liliniudhi. Studio moja ilinitoza faini kwa kuchelewa dakika chache siku treni zilipokwama kwa theluji, na nilipoeleza nilijibiwa kwa ujumbe wa mashine. Ukiweka nafasi halafu usifike, au ukighairi dakika za mwisho, faini inakatwa, kwa hiyo soma saa ya mwisho ya kughairi kabla hujabonyeza. Wa zamu tunaweza kuitwa kazini ghafla, na jambo hili linatugusa zaidi kuliko wengine.

Upande wa pili nao una haki yake. Ukiingia kwa uanachama huu, studio hulipwa kwa kila mtu anayeingia, na anacholeta huwa kidogo kuliko bei ya mlangoni. Yule mama wa Iyengar ana darasa la watu wanane na pango la Berlin. Kwa hiyo nilipojua kwamba yeye ndiye mwalimu wangu, nilianza kununua kwake Zehnerkarte, kadi ya madarasa kumi, ambayo bei yake kwa darasa iko chini ya bei ya mlangoni na pesa yote inabaki kwake. Kadi ya studio nyingi naitumia kutafuta. Nikishapata, namlipa aliyenifaa.

Wasio na euro 70 wana njia nyingine. Krankenkasse, yaani mfuko wako wa bima ya afya, kwa kawaida hurudisha sehemu kubwa ya ada ya kozi za kinga zilizoidhinishwa, hata kozi mbili kwa mwaka, na Hatha yoga imo. Unalipa kwanza, unahudhuria, mara nyingi angalau asilimia 80 ya vipindi, unatuma cheti. Kwa mtu wa zamu asilimia hiyo ni ngumu, lakini zipo kozi za mtandaoni na za siku chache mfululizo. Uliza mfuko wako kabla ya kujiandikisha. Volkshochschule, shule za watu wazima za kila wilaya, zina yoga kwa bei ya chini na punguzo kwa wenye kipato kidogo. Kiangazi kuna mazoezi ya bure bustanini, na Tempelhofer Feld, ule uwanja wa ndege wa zamani uliofunguliwa kwa wananchi mwaka 2010, una nyasi za kutosha kila mtu na mkeka wake.

Kuhusu mikataba, usitie saini ya miezi kumi na miwili kwa sababu tu mwezi unakuwa nafuu kidogo. Mikataba iliyofungwa tangu tarehe 1 Machi 2022 haiwezi kujiongeza mwaka mzima tena kimya kimya. Muda wa kwanza ukiisha unaweza kutoka kwa notisi ya mwezi mmoja. Na tangu Julai 2022, mkataba unaoweza kufungwa mtandaoni lazima uwe na kitufe cha kuukatisha kwenye tovuti hiyo hiyo. Kitafute kabla ya kulipa.

Na kabla hujatoa hata senti, muulize mwajiri. Makampuni mengi Ujerumani huwalipia wafanyakazi sehemu ya uanachama wa namna hii, na sheria ya kodi inaruhusu manufaa yasiyo ya pesa taslimu hadi euro 50 kwa mwezi bila kukatwa kodi. Kwetu haikuwepo. Mimi na dada mmoja wa Bukoba tuliandika barua kwa baraza la wafanyakazi, tukaambatanisha siku za ugonjwa wa mgongo za idara yetu bila majina ya watu. Imesomwa kwenye kikao cha mwezi uliopita, na mkurugenzi ameomba bei za kampuni tatu.