Seva ya Lugha Kwanza, Kihariri Baadaye

Kihariri cha msimbo chenyewe hakijui C++ wala Python. Kazi ya kukamilisha majina unayoandika, kupiga mstari mwekundu chini ya kosa na kukupeleka hadi mahali funksheni ilipotangazwa hufanywa na programu nyingine kabisa, yaani seva ya lugha, ambayo huzungumza na kihariri kwa utaratibu wa LSP (Language Server Protocol) uliotangazwa na Microsoft mwaka 2016 kwa kushirikiana na Red Hat na Codenvy. Seva hiyo hukaa ndani ya kompyuta yako, huamshwa na kihariri unapofungua faili, na haihitaji intaneti ili ifanye kazi. Kwa kuwa utaratibu ni mmoja, clangd, seva ya C++, ile ile inayokihudumia kihariri cha Kate inaweza kuihudumia pia Neovim, ambayo tangu toleo la 0.5 la mwaka 2021 inaelewa LSP yenyewe, na hata Emacs.

Ndiyo maana vijana wa vyuo wanaonijia hapa Nyegezi, Mwanza, na kompyuta mpakato zenye mfumo wa Linux wa Ubuntu au Debian, mimi huwaambia jambo lile lile: sakinisheni seva ya lugha kwanza, tena kutoka kwenye hifadhi ya mfumo wenyewe, ndipo mchague kihariri. Wengi huanza na kihariri, wakakiachia kipakue seva yake na kuiweka katika folda iliyofichika. Wakihamia kihariri kingine, bando linatumika upya kwa kitu ambacho tayari kimo kwenye diski. Mwenye mkongo nyumbani Capri Point huenda asilihesabu hilo kuwa tatizo, lakini aliyepanga chumba Malimbe na kutegemea hotspoti ya simu analielewa bila kufafanuliwa.

Kwa C++ na Python amri moja inatosha:

sudo apt-get install clangd python3-pylsp

Nimeandika apt-get kwa makusudi. Amri fupi ya apt hufuta mafaili ya .deb, yaani vifurushi ilivyopakua, mara inapomaliza kusakinisha, ilhali apt-get huyaacha katika /var/cache/apt/archives, na kutoka hapo unaweza kuyanakili kwenye flashi na kumpelekea mwenzako, mradi kompyuta yake ina toleo lile lile la mfumo na aina ile ile ya prosesa. Yeye atafungua terminali ndani ya folda aliyoyaweka na kuandika sudo apt install ./*.deb, na darasa zima linaweza kupata huduma hiyo kwa gharama ya upakuaji wa mtu mmoja. Katika Kate kinachobaki ni kwenda kwenye mipangilio, sehemu ya programu-jalizi, na kuwasha ile ya LSP.

Penye usumbufu mwingi ni C++. Mwanafunzi anafungua faili lake, mstari wa kwanza kabisa wenye #include <iostream> unapigwa wekundu, ilhali g++, kikusanyaji (compiler) cha C++ cha GCC, inakusanya programu ile ile bila kulalamika. Mara nyingi sababu ni kwamba clangd hutafuta folda ya GCC yenye namba kubwa kuliko zote, na folda hiyo inaweza kuwapo bila maktaba za C++ za toleo hilo. Katika Ubuntu 22.04, kwa mfano, dawa imekuwa kusakinisha libstdc++-12-dev. Kabla ya kubahatisha, endesha clangd --check=main.cpp katika terminali usome inachosema, kwa sababu humo itataja GCC iliyoichagua na kila faili la kichwa (header) ililolikosa. Kwa mradi unaojengwa kwa CMake, unapoiendesha ongeza -DCMAKE_EXPORT_COMPILE_COMMANDS=ON ili seva ijue kila faili hukusanywa kwa bendera (chaguo za kikusanyaji) zipi; kwa mazoezi ya faili moja, compile_flags.txt yenye mstari -std=c++17 inatosha.

Python haina makuu, ila tangu Debian 12 ya mwaka 2023 pip, kisakinishi cha maktaba za Python, hukataa kusakinisha maktaba moja kwa moja kwenye mfumo, na nadhani inafanya vyema. Tengeneza mazingira ya mradi kwa python3 -m venv .venv (Debian na Ubuntu zitakutaka uwe na kifurushi cha python3-venv), kisha ukielekeze kihariri kwenye Python iliyomo humo, la sivyo kitadai kuwa maktaba ulizokwisha kuziweka hazipo.

Hifadhi ya mfumo ina udhaifu wake: matoleo yake huchelewa. Kwa Go na Rust mimi hufuata njia za lugha zenyewe, yaani go install golang.org/x/tools/gopls@latest na rustup component add rust-analyzer. Tatizo la gopls, seva ya Go, ni kwamba huwekwa katika ~/go/bin, na watu huongeza njia hiyo ndani ya ~/.bashrc, faili ambalo kihariri kilichofunguliwa kwa kubofya ikoni hakilisomi; matokeo yake seva inaonekana katika terminali lakini kihariri hakiioni. Iweke katika ~/.profile, utoke kwenye akaunti na uingie tena. Kihariri kilichotoka Flatpak, njia nyingine ya kusakinisha programu, ni suala jingine, kwa kuwa kimefungiwa na kwa kawaida hakizioni programu zilizomo katika /usr/bin. Kwa kazi hii ninapendelea kile cha apt.

Rust-analyzer, seva ya Rust, kwa upande wake, inapenda sana RAM. Kwenye mashine ya GB 4 iliyo na kivinjari wazi, mradi wenye maktaba nyingi unaweza kuifanya kompyuta yote isuesue, na hapo mimi huizima seva, nikaendesha cargo check, amri ya kukagua makosa ya Rust, katika terminali kila nikimaliza kipande cha kazi.