Makomeo ya mwaloni juu ya mto Connecticut

Mwaloni mweupe ukipita kwenye msumeno hutoa harufu kali yenye uchachu, na harufu hiyo hukaa karakanani mpaka jioni. Juzi nilikuwa nachonga komeo la mlango wa uani, binti yangu akasimama kando ya meza na kuuliza: "Baba, mbona halina hata msumari mmoja?" Nikamwambia mwaloni una tanini nyingi, msumari wa chuma ukipata unyevu ndani yake huacha doa jeusi kama wino, tena doa hilo huzama hata randa isilifikie. Aliridhika, akaenda zake kucheza. Mimi nikabaki na Ami kichwani, na ile Septemba tuliyokwenda East Haddam, jimboni Connecticut, Marekani.

Ami alikuwa amekuja kututembelea kutoka Unguja, na mtu aliyezeeka akichonga milango ya msaji na mfenesi humpeleki kuona maduka. Tulivuka mto kwa kivuko cha Hadlyme, ambacho huduma yake ilianza 1769. Chombo chenyewe ni kidogo, magari manane au tisa basi, na safari haizidi dakika chache. Katikati ya maji ndipo jumba la Gillette linapojitokeza vizuri, limekaa juu ya kilima cha mwisho katika safu ya vilima saba. Ndiyo maana mwenyewe aliliita Dada wa Saba.

William Gillette alikuwa mwigizaji wa jukwaani, mzaliwa wa Hartford, aliyepata utajiri na jina kwa kumwigiza Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithini. Jumba alilijenga kati ya 1914 na 1919, vyumba 24, kiunzi cha chuma cha pua kimevishwa mawe ya porini ya hapohapo. Mawe yale hayakuchongwa yakawa na uso. Yameachwa na mabonde na vinundu vyake, na madirisha yanachungulia katikati. Ami hakuyapenda. Alisema ukuta usio na mstari humnyima fundi mahali pa kuanzia. Nikamwomba asubiri tuingie ndani.

Ndani kuna milango 47, na hakuna miwili inayofanana. Kila mmoja una komeo lake la mbao lililobuniwa na Gillette mwenyewe: wenzo, vipande vinavyoteleza, ndimi zinazopanda na kushuka. Hata swichi za taa zimevishwa mbao za kuchonga. Kutani kumebandikwa mikeka ya rafia badala ya karatasi, na hapo Ami alitabasamu kwa mara ya kwanza. Meza ya chakula huteleza juu ya reli sakafuni. Kuna vioo vilivyopangwa ili mwenye nyumba, akiwa chumbani kwake juu, aone nani yuko ukumbini. Wageni wengi hukimbilia vioo. Ami alibaki mlangoni.

Hakuruhusiwa kugusa, kwa hiyo alisoma kwa macho, mikono ameifunga mgongoni. Alinionyesha kwanza nyuzi za mbao: kwenye ulimi wa komeo ni lazima zifuate urefu, zikikatiza, ulimi hukatika begani siku mtu akiubamiza mlango. Kisha nafasi. Ubao hutanuka kwa upana, kwa urefu hautanuki kiasi cha kuhesabika. Unyevu ndani ya mbao ukipanda kwa asilimia 4, jambo la kawaida huku kati ya Januari yenye joto la majiko na Agosti ya mvuke, ulimi wa mwaloni wenye upana wa milimita 60 hutanuka karibu milimita 1 kama ubao ulipasuliwa bapa. Ukipasuliwa kutoka kiini kwenda gome, hutanuka kama nusu ya hapo. Fundi asiyeacha nafasi juu na chini ya ulimi atapata komeo linaloteleza vizuri wakati wa baridi na kukwama kiangazi, na mwenye nyumba ataligonga kwa nyundo. Akiacha nafasi kubwa mno, mlango utacheza kwa kila upepo. "Huyu bwana hakuwa fundi," Ami akasema, "lakini alikaa na mafundi akawasikiliza."

Tulitoka kwenye baraza inayoukabili mto. Furukombe alikuwa juu ya maji, yule mla samaki mwenye tumbo jeupe na utepe mweusi machoni, ambaye ndugu zake wa Ulaya hushuka mpaka pwani yetu miezi ya kaskazi. Alisimama hewani, mabawa yakipiga palepale, kichwa kimeinama. Alishuka kidogo, akasimama tena, akasahihisha. Kisha akakunja mabawa. Watu hudhani hutangulia kwa mdomo. Dakika ya mwisho alirusha miguu mbele, kucha zikafika usawa wa uso wake, akaingia majini kwa kishindo mpaka yakabaki mabawa tu. Hawezi kuzama zaidi ya mita moja hivi, kwa hiyo samaki wa kina kirefu si wake. Alijinyanyua kwa mapigo mazito, akajitikisa maji angali angani, na samaki alikuwa miguuni, ameelekezwa kichwa mbele ili asipambane na upepo.

Nilimpa Ami darubini na kumweleza ule mguu. Kidole cha nje hugeuka nyuma, kwa hiyo ndege hushika kwa vidole viwili mbele na viwili nyuma, na nyayo zake zina vichomo vidogo vinavyong'ang'ania magamba yanayoteleza. Ami alimfuata ndege mpaka akapotea nyuma ya miti, darubini bado ameishikilia. "Hilo sasa," akasema, "ndilo komeo."

Ndege hao karibu watoweke mtoni hapa. DDT, dawa ya kuulia wadudu, ilipita kwa wadudu, ikaingia kwa samaki, ikafika kwa furukombe na kuyafanya maganda ya mayai kuwa membamba hata mama akiatamia yanavunjika. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1972. Marufuku peke yake haikutosha, kwani miti mikubwa mikavu ya kuwekea viota ilikuwa imekwisha kukatwa pwani. Watu wakasimika nguzo kwenye vinamasi na kuweka juu jukwaa la mbao, kama sentimita 90 kwa 90, chini likiwa wazi ili maji ya mvua yasituame kwenye kiota. Nguzo huvishwa bati, la sivyo rakuni hupanda usiku na kula mayai. Ukishuka mpaka Old Lyme, mto unapoingia baharini, utayaona majukwaa hayo kwenye kinamasi cha Great Island.

Gillette alifariki 1937 bila mtoto. Katika wosia aliagiza jumba lisiangukie mikononi mwa mpumbavu asiyejua yuko wapi wala amezungukwa na nini. Jimbo lilinunua mahali pote mwaka 1943 na kupafanya hifadhi ya umma. Tulipokuwa tunarudi Hartford, Ami alishikilia kwamba wosia huo umevunjwa: tulisimama barazani na watu wengi, na waliomtazama ndege tulikuwa wawili. Nikamwambia kama si umma kununua, mimi na yeye tusingefika hata langoni, na msitu ule ungekatwa viwanja vya nyumba. Akasema langoni si kitu, kitu ni nani atachonga ulimi mwingine huu ukichakaa, na atajua kuacha nafasi kiasi gani. Nilisema jimbo lina mafundi. Akaniuliza kama nawajua. Siwajui. Hatukuafikiana njia nzima, na kila akipiga simu husalimia kwanza, kisha huuliza kama nimekwisha wapata.