Kuvuka Asia kwa farasi wa kubadilishana

Giovanni da Pian del Carpine, au Carpini, padri wa shirika la Mtakatifu Fransisko, alipofika Kyiv mwanzoni mwa 1246, akipeleka barua ya Papa kwa Wamongolia, alipewa ushauri mmoja: farasi wako waache hapa hapa. Mbele kuna theluji nene, na farasi wa kwenu hajui kuifukua kwa kwato akayafikia majani yaliyo chini. Nyasi kavu hutapata wa kukuuzia, maana Wamongolia hawawekei mifugo yao akiba. Ukienda nao watakufa wote njiani. Akawaacha.

Wengi wakisimulia safari hizi hukimbilia mahema ya dhahabu na karamu za Kublai, Khan (mfalme mkuu) wa Wamongolia. Mimi naona swali tamu zaidi ni hili: mtu wa makamo, mzito, asiyezoea tandiko, alivukaje nyika ile bila kuvunjika yeye wala kumuua mnyama?

Sehemu ya kwanza ya jibu ni farasi mwenyewe. Farasi wa Kimongolia ni mfupi, sentimita 122 hadi 142 begani, kichwa kikubwa, manyoya marefu wakati wa baridi. Hulala nje mwaka mzima na kujitafutia chakula. Lakini mnyama anayeishi kwa majani tupu huwezi kumkimbiza leo, kesho na keshokutwa. Akishatoka jasho la siku moja anahitaji kupumzishwa, na mpandaji hana nafasi ya kungoja. Kwa hiyo hubadilishwa. Marco Polo anasema vituo vya mjumbe wa Khan vilikuwa kila baada ya maili 25 hivi, farasi wakingoja. Carpini na mwenzake Benedict walibadilisha mara tano, hata mara saba kwa siku. Waliondoka kwa Batu, mtawala wa Wamongolia wa magharibi, kando ya mto Volga, tarehe 8 Aprili 1246, wakafika kambi ya Güyük, aliyekuwa karibu kutawazwa Khan, karibu na mji mkuu wa Karakorum tarehe 22 Julai.

William wa Rubruck, padri wa shirika lile lile la Mtakatifu Fransisko, alianza vibaya. Alipotua Soldaia, bandari ya Krimu, mwaka 1253, aliulizwa: utachukua mikokoteni ya maksai au farasi wa mizigo? Wafanyabiashara wa Konstantinopoli walikuwa wamemshawishi achukue mikokoteni, kwa hoja iliyosikika vizuri: vitu vikikaa garini huhitaji kushusha na kupakia upya kila mnapotua. Kweli, ila maksai ni maksai. Safari ya mwezi mmoja ikamla miwili, na mwenyewe anakiri kwamba ushauri ulikuwa mbaya.

Kutoka kwa Batu mambo yakageuka. Mwongoza njia alimwonya Rubruck kwamba ni mwendo wa miezi minne, baridi ya huko hupasua mawe na miti, na asiyeweza ataachwa njiani. Waliondoka katikati ya Septemba, wakafika kwa Möngke, Khan wa wakati huo, tarehe 27 Desemba. Kwa makadirio yake, karibu kila siku walikwenda umbali kama wa kutoka Paris hadi Orléans, zaidi ya kilomita 100. Walibadilisha farasi mara mbili au tatu kwa siku, ila kuna sehemu walikwenda siku mbili tatu bila kukuta watu, na hapo ililazimu kupunguza mwendo. Kati ya farasi 20 au 30, wageni waliachiwa wabovu. Rubruck alikuwa mnene, hivyo yeye alitafutiwa mwenye nguvu, lakini kama mwendo wake unatikisa au hautikisi, hakuthubutu kuuliza.

Hilo la kutikisa si jambo dogo. Farasi ana mwendo wa kutembea, mwendo wa mashindo, na shoti. Shoti humchosha upesi na kutembea hakukufikishi, kwa hiyo safari ndefu huenda kwa mashindo. Hapo miguu hutua miwili miwili kwa mshazari, wa mbele kulia pamoja na wa nyuma kushoto, kisha kinyume chake, na kila ikitua mgongo unakurusha juu. Ukikaa kitako kama gunia, kila pigo linapanda uti wa mgongo wako na kumshukia farasi figoni. Baada ya saa moja mnaumia wote wawili.

Wamongolia walisimama juu ya vikuku, vile vyuma vya kukanyagia vinavyoning'inia pande mbili za tandiko, na tandiko lao lilitengenezwa kwa ajili hiyo. Maelezo bora ninayoyajua ni ya Peng Daya na Xu Ting, wajumbe wa dola ya Song ya China waliokwenda huko miaka ya 1230. Tandiko na hatamu zake, wanasema, halikuzidi jin saba au nane, yaani kama kilo 5. Mbele limesimama na nyuma limelala, ili anayegeuka asiumize mabega. Kikuku ni cha mviringo, mguu ukae katikati usielemee upande. Kitako chake kipana, buti iingie upesi. Ukanda wa kukishikilia kikuku ni ngozi iliyofikichwa kwa mkono bila kutiwa shura (chumvi ya kutengenezea ngozi), kisha ikanyweshwa mafuta ya kondoo, ndiyo maana mvua haiukati wala haiuozeshi. Upana wake ni kama sentimita 3, na ni mfupi. Huo ufupi ndio ufundi wenyewe, kwa sababu mguu uliokunjika goti una nafasi ya kunyooka na kukuinua.

Ukitaka kujaribu kwenye tandiko la kawaida, gusa kwa ncha za vidole mahali ukanda unapoanzia, unyooshe mkono, na kikuku kifike kwapani. Hicho ndicho kipimo cha kuanzia. Kwa kusimama muda mrefu, fupisha ukanda kwa tundu moja au mawili. Weka sehemu pana ya unyayo ndani ya kikuku, kisigino kishuke, na miguu iwe chini ya nyonga. Ikitangulia mbele utaangukia nyuma. Ukibana kwa magoti, miguu ya chini itayumba na utachoka mapaja. Usijishikize kwa hatamu, maana unavuta lijamu kinywani mwa mnyama ambaye hana kosa. Na usiusukume mguu mzima ndani ya kikuku: ukianguka utaburutwa.

Kabla ya yote hayo, kitambaa cha mgongoni kiwekwe mbele kidogo ya mahali pake, kisha kivutwe nyuma ili manyoya yalale. Kunjo moja tu, au sufu mbichi, inatosha kutoa kidonda. Mkanda wa tumbo ukazwe tena baada ya hatua chache, kwa sababu farasi wengi hujaza pumzi wakati wa kufungwa.

Mwili wa mpandaji nao ulifungwa. Carpini na mwenzake walijikaza miguu kwa vitambaa ili waweze kustahimili, na wajumbe wa mbio anaowaeleza Marco Polo walijifunga tumbo, kifua na kichwa. Chakula kilikuwa kidogo mno: Carpini, wakati wa Kwaresima, alikula uwele uliochemshwa kwa maji na chumvi, na kinywaji kilikuwa theluji iliyoyeyushwa.

Mkifika, farasi hafunguliwi akaachwa. Peng anaeleza kwamba alifungwa kichwa kikiwa juu mpaka pumzi itulie na kwato zote nne ziwe baridi, ndipo akaruhusiwa maji na majani. Pia hakukimbizwa akiwa ameshiba. Katika mashindano ya masafa marefu ya leo farasi hunyweshwa njiani, kwa hiyo kuhusu maji wapandaji wa leo wangebishana na Peng. Kuhusu shibe na mbio hawangebishana, kwani msokoto wa tumbo huua farasi.

Iliyobaki ni baridi. Rubruck alipewa makoti na suruali za ngozi ya kondoo pamoja na soksi za sufu nzito. Ibn Battuta, aliyekuwa Mombasa na Kilwa mwaka 1331, muda mfupi baadaye alikuwa kwenye nyika hiyo hiyo ya Volga, maji ya udhu yakigandia ndevuni. Alivaa makoti matatu ya manyoya, suruali mbili, na viatu vitatu kimoja juu ya kingine. Akiwa hivyo hakuweza kumpanda farasi mwenyewe. Goti lililovikwa namna ile halikunjiki likafika kwenye kikuku, na dawa yake ni kupandia jiwe au kichuguu. Yeye aliinuliwa na wenzake akawekwa juu ya tandiko.