Nilivyotoboa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kidato cha sita Mwanza, sasa naisubiri MD (digrii ya udaktari)

Kuna watu wananiuliza nilitumia dawa gani mpaka nikapata divisheni wani ya pointi 4 (bora kabisa ni 3) wakati kwenye moko, mtihani wa majaribio, nilikuwa na divisheni tuu. Dawa hakuna jamani, niliacha kusoma madesa (noti za kudurufu) nikaanza kufanya maswali, basi.

Mimi nilikuwa day, sio bweni, nakaa Kirumba, mama anauza dagaa pale soko la Mwaloni, nikitoka shule nampitia nimsaidie kufunga magunia halafu ndo narudi home kupiga msuli, na umeme ukiamua kukata ni tochi ya simu. Sasa desa zima kuanzia ukurasa wa kwanza ningelisoma saa ngapi? Siku za wiki nilikuwa nachukua swali moja moja la past pepa za necta (mitihani ya taifa ya miaka ya nyuma), Jumapili natega saa masaa matatu naandika pepa nzima bila kufungua daftari, nikimaliza nasahihisha na kalamu nyekundu. Topiki iliyojaa nyekundu ndo naisoma, ile ninayoijua naiacha hata kama ni tamu. Genetiki kwa mfano ningeweza kuifanya mpaka asubuhi kwa raha zangu, ila fizikia ndo ilikuwa inaninyima wani.

Hiyo fizikia nilijiunga diskasheni na watu wa PCM (fizikia, kemia na hesabu), maana sisi wa PCB hesabu zetu ni za BAM tu, zile za msingi, wale jamaa swali la mzunguko wa umeme wanalimaliza kama wanakunywa uji. Sheria yao ukikosa swali unapanda ubaoni unalifundisha wewe. Ile aibu inafundisha kuliko tuisheni ya kulipia, nakwambia.

Praktiko sasa, hapa watu wanadharau halafu wanalia. Kwenye taitresheni ya kemia (unadondoshea kimiminika kimoja kwenye kingine mpaka rangi igeuke) raundi ya kwanza ya kukadiria naachia bureti, ule mrija wenye vipimo, haraka, zinazofuata nikikaribia ile namba natoa tone moja moja huku natikisa flaski juu ya karatasi nyeupe, rangi ikigeuka ikakaa nafunga hapo hapo. Jicho liwe usawa na maji, unasoma pale chini ya mbonyeo, na unaandika 23.40 sio 23.4, maksi zinaenda kizembe hapo. Baiolojia kwenye chura unainua ngozi na koleo kwanza, ncha ya mkasi iangalie juu usije ukatoboa utumbo ukachafua kila kitu. Mimi nimekulia kwenye samaki, kupasua sato naweza toka niko mdogo, kwa hiyo chura hakunitisha (fizikia ndo ilinitisha). Mchoro ni penseli, hakuna kupaka kivuli, mistari ya lebo kwa rula.

GS (General Studies, somo la maarifa ya jumla) nilikuwa nasoma habari kwenye simu tu, imepita.

Matokeo yakatoka, baiolojia A, kemia A, fizikia B. Mama alipiga vigelegele pale sokoni mpaka wateja wakadhani kuna harusi.

Sasa kichwa kinauma kwingine. MD ni miaka mitano na intanshipu (mazoezi hospitalini) mwaka mmoja juu yake. Muhimbili ni chuo cha serikali, ada afadhali, ila Dar nitakula nini nitalala wapi. Bugando kipo hapa hapa mlimani, kutoka Kirumba ni daladala tu, ila ni chuo cha Kanisa Katoliki na ada yake sio ya mchezo, Bodi ya Mikopo wakininyima mama atauza dagaa wa ziwa zima na bado haitatosha. Nimeomba vyote viwili, na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) nimeongeza, cheti cha kuzaliwa nimeshahakiki RITA, wale wa vizazi na vifo, kwa ajili ya mkopo. Mama anasema Bugando, "utakula nyumbani mwanangu", mimi nasema Muhimbili, tunabishana kila jioni na hakuna chuo hata kimoja kilichojibu.